Mgeni wa Mwaka wa Sita

Katika nyumba moja ya Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ipo bahasha ya kaki ikaayo juu ya kabati, ambayo hushushwa kila baada ya miaka miwili. Siku inaposhushwa, watoto hukatazwa kuikaribia meza, chai hunywewa uani, na umeme ukikatika hapana anayethubutu kuwasha kibatari karibu na makaratasi. Bahasha hiyo imebeba ushahidi kwamba mwanamume alalaye katika nyumba ile ni mume wa mwanamke mwenye nyumba. Majirani hawajapata kuuomba ushahidi huo. Huombwa na serikali, na serikali haichoki kuuomba upya.

Mke ni mzaliwa wa Serengeti, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi. Mume ni fundi seremala kutoka Kehancha, upande wa Kenya, Mkuria wa ukoo wa Wakira, ambao mpaka umeupasua kama shoka lipasuavyo gogo: wengine wako Migori, wengine wako Tarime. Bibi yake mzaa baba alitoka Tarime. Lugha aliyonyonyeshwa husikika sokoni Sirari, Tarime mjini, Nyamongo, hata Mugumu kwenyewe. Pamoja na hayo yote, akishavuka mpaka huwa mgeni. Na mgeni, kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, hana budi kuwa na hati isemayo kwa nini yuko alipo na mpaka lini.

Waswahili walikwisha kulitolea hukumu suala la mgeni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huichukua methali hiyo kuwa ni kemeo kwa mgeni asiyejua kuondoka. Lakini ndani yake mna heshima pia, kwani apewaye jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Fundi huyu yumo katika mwaka wa sita wa ugeni wake na jembe hajapewa. Pasi aliyonayo humruhusu kuishi na mkewe. Haimruhusu kufanya kazi ya ujira. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka kila asiye raia awe na kibali cha kazi kabla ya kushika kazi, na kibali hicho kina masharti na gharama zake, ambazo fundi wa milango na madirisha hazimudu. Basi randa, msumeno na patasi zake hufanya kazi za nyumbani tu. Amechonga vitanda, meza, na lile kabati ambalo juu yake hukaa bahasha. Jirani akija na vipimo vya mlango, hukaribishwa chai, kisha huelekezwa kwa fundi mwingine. Nyumba ile ina viti vingi kuliko watu.

Neno liandikwalo katika pasi yake ni mtegemezi. Mke ndiye mwenyeji, naye mume ni mtegemezi wake. Kwa Wakuria, ambao kwao mwanamume ndiye aletaye ng'ombe na mwanamke ndiye ahamaye, neno hilo halimezeki kwa urahisi. Ndugu wa mume walipolisikia mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili hawakucheka. Kwani ng'ombe walitolewa, tena walivushwa mpaka. Mgeni wa mjini angependa kusikia kwamba ng'ombe hao walipita tu porini, kama wapitavyo nyumbu wa Serengeti waendao Masai Mara kila mwaka bila kuulizwa na mtu. Mzaha huo wa nyumbu mwalimu ameuchoka. Ng'ombe wa mahari yake walisafiri na karatasi, kila mmoja na rangi yake imeandikwa, kwa kuwa katika Tarime na Serengeti ng'ombe asiye na karatasi hudhaniwa kuwa wa wizi. Tofauti ni kwamba ng'ombe wale, walipokwisha kufika zizini, hawakuulizwa tena. Ndama wao walizaliwa wenyeji.

Kwa kijiji, ndoa ilikwisha kukamilika siku hiyo. Kwa serikali, ilianza baadaye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka waliooana kimila waiandikishe ndoa yao ndani ya siku 30. Kutoiandikisha hakuifanyi batili. Ndoa hubaki kuwa ndoa mbele ya sheria, ila mwenyewe atajua taabu ya kuithibitisha. Wawili hawa, kama walivyo wengi wa pande zile, hawakujua habari ya siku 30 mpaka walipohitaji hati ya kwanza ya kuishi. Ndipo walipokwenda wilayani na mashahidi wao, wakaandikishwa, wakapewa cheti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nao walijifunza kwamba hata mapenzi yana daftari lake.

Yapo mengine ambayo mwalimu alijifunza kwa kusoma sheria usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe angali hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakupewa mlango huo. Yeye hupita njia ya wageni wote: awe ameishi nchini jumla ya miaka isiyopungua saba katika kipindi cha miaka kumi, na juu ya hiyo akae miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, awe na tabia njema, ajue Kiswahili au Kiingereza. Tena, akikubaliwa, auache uraia wake wa kwanza, kwa sababu Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ng'ambo ya Sirari mambo ni mengine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haibagui: mke au mume wa raia, ndoa ikitimiza miaka saba, ana haki ya kuomba kuandikishwa. Maana yake ni kwamba kaka wa mwalimu, akimwoa dada wa fundi, angeweza kumwombea uraia mara moja. Na mwalimu mwenyewe, lau angehamia Kehancha, angekuwa na haki ya kuomba uraia wa huko mwaka ujao. Hapo alipo, katika nchi aliyozaliwa, uraia wake haumfunguliwi mumewe mlango huo. Alilolisoma usiku ule hakumweleza mtu kwa siku kadhaa.

Ndiyo sababu miaka huhesabiwa katika nyumba ile kwa uangalifu wa mkopeshaji. Sita inatimia. Ikibaki bila pengo, itafika saba, kisha ile miezi kumi na miwili. Iwapo fundi atauomba uraia au hatauomba, hilo hajaliamua. Makaburi ya wazazi wake yako Kehancha, na si jambo jepesi mtu kuyageuza makaburi ya wazazi wake kuwa ya nchi ya kigeni. Lakini atakalo mkewe ni kwamba siku atakapoamua, hesabu isiwe imekatika kwa uzembe wa karatasi.

Safari hii karatasi ilizembea yenyewe. Cheti cha ndoa cha kwanza kililiwa na mchwa, wakaacha muhuri na pembe moja. Ilipatikana nakala mpya, safi, iliyochapwa vizuri. Zikiwa zimebaki siku 19 pasi kuisha, maombi yalirudishwa kwa maelezo ya maneno mawili: majina hayafanani. Mwalimu aliweka pasipoti upande huu na cheti upande huu, akapitisha kidole herufi kwa herufi kama afanyavyo kwa mtoto wa darasa la pili. Katika pasipoti, jina la kati la mume halina herufi h. Katika cheti kipya, h ipo.

Jambo hili lina historia yake. Wakuria wana sauti laini mbili ambazo hati za pande mbili za mpaka hazikuziandika kwa namna moja. Upande wa Tanzania aghalabu huandikwa Bhoke, Ghati, Robhi. Upande wa Kenya Boke, Gati, Robi. Msomaji wa Unguja au Lamu, aijuaye gh ya ghali na ya lugha, hatapata taabu kuitamka ile ya Ghati. Naye mshairi ataona zaidi: tia h au iondoe, mizani haiongezeki wala haipungui, na kina hakiharibiki. Katika shairi majina hayo mawili ni neno moja. Katika maombi ya pasi ni watu wawili, na mmoja wao amemwoa mwalimu, ilhali mwingine ndiye mwenye pasipoti.

Dawa ya maradhi hayo ni hati ya kiapo: mtu huapa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote mawili ni yake. Mwalimu alitaka pia neno la mzee wa ukoo, mtu ambaye naye ana majina ya namna ile na ni raia, ili atakayesoma asibakiwe na shaka. Mzee huyo alikuwapo, baba mdogo wa fundi, Mtanzania aishiye karibu na Sirari. Basi alfajiri ya Jumatatu, mwalimu akiwa ameomba ruhusa shuleni, mke na mume walipanda gari la abiria kuelekea Tarime. Walivuka Mto Mara, wakapita Nyamongo penye vilima vya mawe vilivyotolewa chini ya ardhi na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Bahasha alipakatwa kama mtoto mchanga, magotini mwa mwalimu, amefungwa kanga.

Mzee aliwapokea kwa uji wa wimbi, akayasikiliza matatizo yao mpaka mwisho, kisha akauliza, "Herufi gani hiyo iliyowatoa Mugumu?"

"Ni h, baba," akajibu mwalimu.

"H ni pumzi, mkwe wangu," akasema mzee. "Mtu huandikwa jina. Pumzi haiandikwi."

Hata hivyo alivaa koti lake, akachukua kitambulisho chake cha taifa, akaenda nao kwa wakili Tarime mjini. Njiani alisimulia habari za mpaka, si kama mambo ya vitabuni, bali kama habari za jirani mkorofi. Alikumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya mpaka mwaka 1983. Katika miaka ile, alisema, mtu alifiwa na ndugu aliyekuwa akiliona paa la nyumba yake, akamlilia kutoka mbali. Leo Sirari na Isebania ni kituo kimoja, maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na kanuni za Soko la Pamoja, lililoanza tarehe 1 Julai 2010, humruhusu raia wa Afrika Mashariki kuingia nchi ya mwenzake na kukaa hadi miezi sita. Mzee alikiri kwamba hayo ni maendeleo. "Lakini miezi sita ni ya mtu aliyekuja kutembea," akasema. "Huyu alikuja kuoa."

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba mpaka huo ni wa watu wa bara peke yao. Mwanzo wake uko pwani. Katika makubaliano ya Oktoba na Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani waliuanzisha mstari huo kwenye mlango wa Mto Umba, karibu na Vanga, mahali ambapo mvuvi wa Pemba hufika kwa upepo wa siku moja. Kutoka hapo waliuvuta mpaka Kilimanjaro, wakauzungusha mlima, kisha wakaunyoosha mpaka ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria, mahali ilipokatiza digrii ya kwanza kusini ya ikweta. Sayyid Barghash wa Zanzibar aliletewa makubaliano hayo ayakubali, naye akayakubali kabla ya mwaka kwisha. Kati ya mwaka 1904 na 1906 wapimaji wa mataifa hayo mawili walipita bara wakiupima mstari na kuutia alama. Mstari mmoja ndio uliomwacha Mkira huyu Kenya na Mkira yule Tarime. Na mstari huo huo, ncha yake ya mashariki, ndio uliowafanya Wapemba waliohamia Kwale na Kilifi kuishi vizazi kadhaa wakizaa, wakivua na wakizika bila kitambulisho, mpaka mwaka 2023 Rais William Ruto alipowatambua kuwa ni jamii mojawapo ya Kenya. Mwenye nduguye Vanga au Shimoni hahitaji kuelezwa bahasha ya kaki ni kitu gani.

Kiapo kilipatikana. Ikabaki barua.

Kila maombi huwa na barua ya mwenyeji, aelezaye yeye ni nani na kwa nini anamwombea mtegemezi wake. Mwalimu amefundisha barua rasmi kwa miaka mingi: anwani ya mwandishi kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushoto, kichwa kilichopigwa mstari, na mwisho sahihi. Huwaambia wanafunzi kwamba barua rasmi haina porojo. Lakini usiku ule, siku kumi na moja kabla ya pasi kuisha, aliandika kurasa mbili. Alieleza jinsi mumewe alivyombeba mtoto wao mwenye homa usiku wa manane mpaka hospitali, kwa kuwa hapakuwa na pikipiki. Alieleza habari ya ng'ombe. Alieleza viti. Alipomaliza aliisoma, akaona ni kweli tupu, na akaona kwamba haiwezi kwenda. Ofisa atakayeisoma ana maombi mengine mengi mezani, na kila moja lina mtoto wake mwenye homa.

Akaanza kufuta. Mtunzi wa mashairi anaijua kazi hiyo: neno zuri huondolewa kwa sababu nafasi yake haipo, na lililobaki hubebeshwa mzigo wa yaliyokwenda. Homa ilikwenda. Ng'ombe walikwenda. Viti vilikwenda mwisho, kwa shida. Zikabaki aya tatu fupi: yeye ni raia, mwajiriwa, wameoana kisheria, cheti na hati ya kiapo vimeambatishwa, anaomba pasi ya mumewe iongezwe muda. Katika aya ya tatu akaandika sentensi moja ambayo haikuombwa na fomu yoyote: kwamba katika makazi, malezi ya watoto na matunzo ya nyumba, yeye na mumewe wanategemeana.

Asubuhi fundi aliisoma akiwa amesimama, chai mkononi.

"Mwalimu, hapa umekosea," akasema. "Wao husema mtegemezi. Wewe umeandika tunategemeana."

"Sijakosea," akajibu mwalimu. "Ni kitenzi kile kile. Nimekitia katika kauli ya kutendana."

Fundi hakusema kitu. Aliweka kikombe, akaisoma tena sentensi ile, polepole, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayepima ubao kwa jicho kabla ya kuukata. Kisha akaikunja barua kwa mikunjo mitatu iliyo sawasawa, akaitia katika bahasha.

Siku hizi maombi hupita kwa mtandao, tangu Idara ya Uhamiaji ilipozindua mfumo wake wa Uhamiaji Mtandao mwaka 2018. Kijana wa duka la kuchapa na kunakili karatasi aliskani kila ukurasa, akauliza kama na hiyo barua ni lazima, akaambiwa ni lazima. Namba ya kumbukumbu ya malipo ilitoka, fedha zikalipwa kwa simu, fedha ambazo zilikuwa za mabati ya jiko. Kisha wakangoja. Wakati wa kungoja mwalimu alifundisha kama kawaida, ila siku moja wanafunzi walimwona amesimama ubaoni, chaki mkononi, akiwa ameandika tarehe ya wiki ijayo badala ya tarehe ya leo. Fundi aliweka shati na pasipoti katika mfuko mdogo, akauning'iniza nyuma ya mlango. Hakuna aliyeuzungumzia mfuko huo. Mtoto mkubwa aliuona, akauliza baba anasafiri kwenda wapi, akaambiwa bado haijajulikana.

Jibu lilikuja zikiwa zimebaki siku nne. Pasi iliongezwa, miaka miwili. Ndani yake mliandikwa neno lile lile la miaka yote, mtegemezi, wala barua haikutajwa popote. Mwalimu aliisoma mara mbili, akahakikisha jina halina h, akavuta pumzi. Mfuko wa nyuma ya mlango ulitunguliwa jioni hiyo, shati likafuliwa.

Jumamosi iliyofuata, randa ilisikika uani tangu asubuhi. Majirani walidhani ni kiti kingine. Lilikuwa sanduku dogo la mbao, urefu wake sawa na bahasha, limepigwa bati ndani kwa ajili ya mchwa, na kifuniko chake kikikaa bila kuacha hata nafasi ya unyasi kupita. Kwa upande wa ndani wa kifuniko, kwa penseli bapa ya useremala, fundi aliandika tarehe ya kushushwa tena: miezi mitatu kabla ya pasi kuisha, si siku 19. Mwalimu alipanga karatasi zote humo, cheti, kiapo, picha zilizobaki. Nakala ya barua aliiweka juu kabisa. Kisha fundi akapanda kwenye kimoja cha vile viti vyake, akalirudisha sanduku juu ya kabati, na watoto wakaruhusiwa kuikaribia meza.